Sarafu za kijani kwenye shimo la choo, na tamthilia iliyotuchanganya

“Shikamoo mtaalamu. Naandika kutoka Kilwa Masoko. Hapa nyumbani kila jioni tunafuatilia tamthilia mpya ya wanaakiolojia, ile ya nje iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mwanangu amemaliza kidato cha nne, na tangu ianze hana habari nyingine: anataka kusoma akiolojia, na anasema hao ndio waliochimbua mijusi wakubwa wa Tendaguru. Shemeji yangu naye kapandwa na moto, ametafuta mtu mwenye mashine ya kutambua madini wakachimbe rupia za Mjerumani kwenye shamba la ukoo. Katikati ya hayo, mafundi waliokuwa wanachimba shimo la choo uani kwetu wametoa vigae vya vyungu na visarafu sita vyembamba, vya kijani. Kwenye tamthilia yule dada alipeleka sarafu maabara usiku, asubuhi akaambiwa mwaka wake. Je, zangu zinaweza kupimwa hivyo? Zina thamani? Na nikitoa taarifa, serikali haitachukua kiwanja changu? Naogopa hata kuuliza hapa mjini.”

Marahaba, dada yangu. Kama nimekusoma vizuri, unaogopa mambo mawili yanayovutana: kwamba mkononi una mali na unaweza kuipuuza, na kwamba mali hiyohiyo inaweza kukutoa kwako. Nitayafikia yote mawili. Ila nianze na tamthilia, kwa sababu huko ndiko mwanao na shemeji yako walikochota mawazo yao.

Nimeona vipindi vyake vya mwanzo. Kama mchezo, inavuta, na kuna mambo wameyapatia kuliko nilivyotarajia. Wameonyesha jua, vumbi, fedha zinazokatika kazi ikiwa katikati, kibali kinachokaa mezani kwa mtu wiki nzima. Wameonyesha pia yule mzee kibarua anayeufikicha udongo vidoleni na kusema “hapa palikuwa na jiko” kabla msomi hajavaa miwani yake. Huyo mzee ndiye mtu wa kweli kuliko wote mle ndani. Magofu ya Kilwa na Songo Mnara yasingejulikana nusu ya yanavyojulikana leo bila vibarua wa visiwa hivyo, wanaotambua kwa mlio wa mwiko kama wamegusa sakafu ya chokaa au jiwe la kawaida.

Kinachonikera ni pale shujaa wetu anaposhuka shimoni, anapuliza vumbi mara mbili, anaibuka na sarafu na kuitumbukiza kwenye mkoba. Muziki unapanda, tunapelekwa kwenye matangazo. Hakuna aliyepima kina. Hakuna aliyeandika udongo ulikuwa wa rangi gani, wala sarafu ililala karibu na nini. Kwa watu wa kazi hii, dada yule amefanya alichofanya fundi wako wa choo, tofauti ni kwamba fundi wako hakujiita mtaalamu. Na kosa hilo dogo la mchezo ndilo lililobeba maswali yako yote, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Kabla ya hapo, nimalizane na mijusi ya Tendaguru, maana ni jambo fupi. Mwanao ana haki ya kujivunia, kwa sababu kilima kile kiko mkoani kwenu, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria kwa mamia ya vibarua, ikabebwa vichwani na mabegani kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini kwenda Berlin. Huko kuna mifupa iliyounganishwa ikasimama zaidi ya meta 13, nayo bado ipo. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi lenye jina lake, Australodocus bohetii. Lakini wale hawakuwa wanaakiolojia. Wanyama wale waliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, wakati binadamu hayupo hata kwa fununu. Akiolojia inamtafuta mtu: chungu chake, jiko lake, kaburi lake, takataka zake. Anayetafuta viumbe vya kabla ya hapo ni mwanapaleontolojia, na masomo yake ni mengine, yamelalia zaidi upande wa biolojia na jiolojia. Tamthilia imewaweka wote kambi moja kwa sababu fuvu kubwa hupendeza kwenye kamera.

Sasa sarafu. Kwa maelezo yako, nyembamba, za kijani, zimetoka ardhini Kilwa Masoko pamoja na vigae, nafasi kubwa ni kwamba ni za shaba, na huenda ni zile zilizopigwa na masultani wa Kilwa. Nasema huenda, bila kuziona siwezi kwenda mbele zaidi ya hapo. Sarafu za Kilwa ni ndogo, zina maandishi ya Kiarabu pande zote mbili: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili mara nyingi zimetungwa zikaoana vina. Ndiyo, wazee wetu walikuwa wanaweka vina hata kwenye hela. Ila kuna kitu hawakukiweka, nacho ni mwaka. Sarafu za shaba za Kilwa hazisemi zilipigwa lini.

Hapo ndipo unapoona kwa nini maabara ya usiku mmoja ni hadithi. Kipimo cha kaboni, ambacho ndicho wanachokitaja kwenye tamthilia, hupima vitu vilivyowahi kuwa hai: mkaa, mbegu, mfupa. Kiumbe kikifa huacha kupokea kaboni mpya, na aina moja ya kaboni iliyomo ndani yake huanza kupungua kwa kasi inayojulikana, nusu yake ikiondoka kila baada ya miaka 5,730 hivi. Shaba haikuwahi kuwa hai. Ukiiingiza kwenye mashine ile haina la kukwambia. Na hata mkaa wenyewe hauleti mwaka mmoja. Huleta mwanya, tuseme kati ya mwaka huu na ule, wakati mwingine karne nzima.

Basi sarafu isiyo na mwaka inajulikanaje umri? Kwa majirani zake. Watu wanapokaa mahali pamoja vizazi kwa vizazi, ardhi hupanda. Jivu, magamba ya chaza, vyungu vilivyovunjika, nyumba iliyoanguka ikasawazishwa na nyingine ikajengwa juu, vyote hulala kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine, na wa chini ndio uliotangulia. Ikiwa sarafu imelala kwenye tabaka moja na kigae cha bakuli la Kichina la aina inayojulikana ilitengenezwa karne gani, na kando yake kuna mkaa wa jiko, basi kigae na mkaa vinatoa ushahidi kwa niaba ya sarafu. Ndiyo maana wachimbaji wa kweli hufunga kamba kwenye vigingi, huteremka sentimita chache kwa wakati, hupitisha kila karai la udongo kwenye chekeche na kuandika mpaka mkono uume. Mwanaakiolojia Mwingereza Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960. Taarifa yake kamili ilichapishwa 1974. Sehemu kubwa ya akiolojia hufanyika mezani, na hiyo haiwezi kuwa tamthilia hata kwa rushwa.

Nikupe mifano, uone jambo hili lina uzito gani. Kwenye magofu ya Great Zimbabwe ilipatikana sarafu ya shaba ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa aliyejenga jumba la kifalme la Husuni Kubwa, huyohuyo aliyekuwa anatawala msafiri Ibn Battuta alipopita Kilwa mwaka 1331. Kwa fedha, sarafu ile ni kipande cha shaba. Lakini kwa sababu inajulikana ilitoka wapi, imekuwa ushahidi wa kushikika kwamba mji wa bara uliotoa dhahabu na mji wa pwani uliouza dhahabu hiyo vilifungamana. Ingekuwa imetoka kwenye kisanduku cha mtu bila maelezo, isingethibitisha lolote.

Mfano wa pili ni wa kinyume chake. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Ziliokotwa mchangani tu, hazikuchimbuliwa kwenye tabaka lolote. Matokeo yake, mpaka leo wasomi wanabishana: zilifika na meli ya zama zile, na Wareno, na wavuvi, au zilidondoka mfukoni mwa mtu karne chache zilizopita? Sarafu ni halisi, kila mtu anakubali, ila hazina majirani wa kuwauliza.

Na wa tatu uko karibu na nyumbani. Kwa muda mrefu wataalamu walivutana kuhusu Ali bin al-Hasan, ambaye jina lake liko kwenye sarafu za Kilwa na ambaye masimulizi ya mji yanamtaja kama mwanzilishi wa ukoo wa masultani wa Kishirazi. Chittick, kwa matabaka aliyoyasoma Kilwa, alimweka karibu na mwaka 1200. Mwaka 1984 likapatikana lundo la sarafu Mtambwe Mkuu, Pemba, zaidi ya elfu mbili, nyingi za fedha, na baadhi yake zina jina hilohilo. Humo mlikuwa pia na sarafu chache za dhahabu za Fatimid, ukoo uliotawala Misri, ambazo zina mwaka, za karibuni zikiwa za karne ya 11. Lundo moja likaisogeza hoja nyuma kwa zaidi ya karne, na wengi sasa wanamweka Ali bin al-Hasan karne hiyo ya 11. Lingegawanywa kwa watu kumi wakauza mojamoja, tungebaki na sarafu nzuri na swali lilelile.

Kwa hiyo unaponiuliza kama visarafu vyako vina thamani, jibu langu ni kwamba sokoni ni kidogo mno kuliko mwanao anavyodhani. Sarafu za shaba za Kilwa zimepatikana kwa wingi, na nyingi zimelika. Thamani yake kubwa iko kwenye shimo lako la choo, na bahati nzuri shimo hilo bado lipo. Mafundi wako bado wanakumbuka walikuwa wamefika kina gani. Waulize leo, kabla hawajahamia kazi nyingine: zilitoka zote pamoja au zimetawanyika? Juu ya vigae au chini yake? Udongo ulikuwa mweusi wenye jivu, au mchanga mwekundu mtupu? Andika wanachosema kwa maneno yao. Piga picha za kuta za shimo jua likiwa pembeni, ukiegesha rula au hata kalamu ya risasi ili ukubwa ueleweke. Choo, kama unaweza, kisogeze meta chache pembeni. Kama huwezi, simamisha kazi mpaka mtu wa malikale, yaani afisa wa mambo ya kale, apaone.

Na tafadhali, usizisafishe. Najua mtu atakushauri limau na mchanga, au majivu, au dawa ya kung’arishia vyombo. Ule ukijani ni shaba iliyoungana na chumvi na unyevu wa ardhini kwa karne nyingi, na kwenye sarafu nyembamba namna ile maandishi mara nyingi yamebaki ndani ya ganda hilo, siyo chini yake. Limau litayeyusha ganda na maandishi pamoja, ubaki na duara linalong’aa lisilosema kitu. Zifunge kila moja kwenye karatasi kavu, andika juu yake ilipotoka, weka kwenye bahasha. Usizifungie kwenye mfuko wa plastiki zikiwa na unyevu. Vigae navyo vitunze, hasa vyenye mng’ao wa kioo au michoro ya kukwaruza. Mara nyingi hivyo ndivyo vitakavyosema umri kuliko sarafu.

Tuje kwenye sheria, ambayo ndiyo inayokunyima usingizi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Hata milango ya kuchongwa ya kabla ya 1940 imo, na hilo watu wa Mikindani na Kivinje wanaong’oa mlango wa babu kumuuzia mpita njia hawalijui. Kuchimba kutafuta vitu hivyo bila leseni ni kosa. Kuviuza au kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Na aliyevikuta kwa bahati, kama wewe, anatakiwa atoe taarifa. Zingatia neno hilo, kwa bahati. Hukuvunja sheria kwa kuchimba choo. Utaanza kuikaribia ukikaa kimya na kuanza kuulizia wanunuzi.

Je, watachukua kiwanja? Sitakudanganya kwamba haiwezekani kabisa, kwa sababu sheria inaipa serikali uwezo wa kutangaza eneo kuwa la kuhifadhiwa. Lakini fikiria ukanda wenyewe. Kuanzia Kilwa mpaka Mikindani, vigae vya kale viko kwenye mashamba ya mihogo, njiani, na chini ya minazi mingi tu. Kama kila kigae kingekuwa kiwanja, wilaya nzima ingekuwa imehamishwa. Linalotokea kwa kawaida ni mtu kuja, kuangalia, kuchora ramani, kupiga picha, kuandika maelezo yako na kupokea vitu. Mambo hubadilika pakionekana kitu kikubwa, tuseme ukuta wa matumbawe unaoendelea chini ya nyumba, kisima kilichojengewa au safu ya makaburi. Hapo dai maandishi kwa kila hatua, na kama linatajwa suala la kuhama, usisaini chochote kabla ya kuonana na mwanasheria au msaidizi wa kisheria ana kwa ana, ukiwa na hati zako za kiwanja. Hilo siwezi kukutatulia kwa barua.

Pa kuanzia kwako ni karibu: ofisi inayosimamia magofu hapo Masoko, wanakokatia vibali wageni wanaovuka kwenda Kilwa Kisiwani. Ukiona unyeti, pitia kwa mtendaji wako au afisa utamaduni wa wilaya, mwende pamoja. Chukua mtu mzima mmoja wa familia, peleka picha kwanza, kisha vitu, na omba karatasi inayoonyesha ulichokabidhi na tarehe. Kinachokutisha mjini nadhani ni midomo ya watu kuliko ofisi. Basi usiitangaze barazani. Ukisema “sarafu” asubuhi, jioni itakuwa imeshageuka debe la dhahabu.

Jambo hilo linanifikisha kwa shemeji. Mwambie kwa heshima, au mtafute mzee anayemsikiliza amwambie. Rupia za Mjerumani ni hadithi yenye chembe ya kweli ndani yake. Rupia zilikuwepo, na mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, Wajerumani walipiga hata sarafu za dhahabu za rupia 15 kule Tabora. Na ni kweli majeshi yao yalipita Lindi: Oktoba 1917 yalipigana na Waingereza Mahiwa, moja ya mapigano makali kuliko yote ya vita vile upande huu, na mwezi uliofuata yakavuka Ruvuma. Jeshi linalokimbia hivyo, likikosa chakula na dawa, lilikuwa na risasi na mabomu ya kuacha nyuma kuliko dhahabu. Mashine ya kutambua chuma haitofautishi kombora na sanduku. Italia “piii” kwa vyote viwili. Mkikuta chuma kizito chenye umbo la chupa au yai, msikigonge, msikibebe, ondokeni na mwite polisi.

Shimo lenyewe nalo linaua. Mchanga wa pwani ukishapita kimo cha kifua bila kuegemezwa mbao, huporomoka bila kuonya. Na huyo mwenye mashine, akianza kudai hela ya mafuta, kisha ya dawa ya kufungua, kisha ya mbuzi mweusi, mjue mmeshapata jibu la nani anatajirika. Sisemi hivi kwa kudharau mizimu ya mtu. Mpaka leo wako wanaokwenda kuomba dua kwenye makaburi ya kale ya Kisiwani na Songo Mnara, na mtafiti mwenye adabu huanza kwa wazee kabla ya kufunga kamba yake ya kwanza. Laana ya kwenye tamthilia, inayomwangusha mtu kwa kugusa kaburi, iacheni kwenye luninga. Ila mkichimba popote mkakuta mifupa ya mtu, simamisheni papo hapo na kutoa taarifa kwa mtendaji na polisi, maana nyinyi si wa kuamua kama ni ya miaka 600 au ya miaka sita.

Mwanao mwache aendelee kuitazama. Mtu kuanza na mchezo si aibu, na mapenzi aliyonayo ni mtaji. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia tangu 1985, na njia ya kawaida ni kumaliza kidato cha sita kwanza; mchepuo wenye Historia na Jiografia utamfaa, na akiwa na kemia au biolojia kichwani atawazidi wengi mbele ya safari. Ajira si nyingi. Wapo wanaoingia makumbusho, wanaofundisha, wanaofanya tathmini kabla ya miradi mikubwa ya barabara na mabomba, na wapo wanaoishia kazi nyingine kabisa. Ajue hilo sasa, siyo siku ya mahafali.

Wakati anasubiri matokeo, mpe kazi: awe yeye ndiye atakayewahoji mafundi, achore shimo kwa vipimo, tabaka kwa tabaka, aweke namba kwenye kila bahasha. Kisha avuke Kisiwani na daftari hilo, akauone Msikiti Mkuu na bwawa la pembe nane la Husuni Kubwa, na amwombe mwongozaji amweleze wachimbaji walifanya kazi wapi na walipima vipi. Akirudi amechoka kwa kuandika na bado anataka kwenda tena, nitafute, tuzungumze maombi ya chuo.